Kinanda Kilichochelewa Treni: Kisa cha Filamu Bubu Kikuyu, Dodoma

Kisa hiki kina maonesho mawili ya filamu moja, uwanja ule ule, mpiga kinanda yule yule. Onesho la kwanza lilimshinda. La pili alilimudu, ingawa si lote. Katikati hapo hakujifunza kodi mpya hata moja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, wala hakubadilisha kinanda. Wengi waliokuwepo jioni ya kwanza waliondoka wakisema kijana hajui kupiga. Anajua sana. Alichokosa ni kitu kingine, na kwa kuwa naona vikundi vingine vinaanza kuonesha filamu bubu kwa muziki wa papo kwa papo, nimeona nieleze tulivyokikosa na tulivyokipata.

Filamu ilikuwa The General ya Buster Keaton, iliyotoka mwishoni mwa 1926. Walioichagua ni kikundi cha wapenzi wa filamu wanaokutana Kikuyu, na mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha muziki, niliombwa nisaidie upande wa sauti. Uchaguzi haukuwa mbaya. Mji wa Dodoma umekua juu ya reli: Wajerumani walifikisha njia ya treni hapa mwaka 1910 wakielekea Kigoma, na leo treni ya umeme ya SGR inashusha watu kutoka Dar es Salaam. Filamu ambayo karibu yote ni mtu anafukuza treni, halafu anafukuzwa akiwa ndani ya treni, haihitaji maelezo mengi mbele ya watu wa namna hiyo.

Kwa asiyeijua: Johnnie Gray, anayechezwa na Keaton mwenyewe, ni dereva wa treni kusini mwa Marekani, mwaka 1861. Anapenda vitu viwili, injini yake iitwayo General na binti aitwaye Annabelle Lee. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza, anakwenda kujiandikisha jeshini, anakataliwa kwa sababu dereva ana faida zaidi kwenye injini kuliko kwenye bunduki, ila hakuna anayemwambia hivyo. Binti anadhani ameogopa. Mwaka unapita, majasusi wa Kaskazini wanaiba injini, na binti yumo ndani ya behewa. Johnnie anawafuata kwa miguu, kwa kiberenge cha kusukuma kwa mikono, kwa baiskeli, mwisho kwa injini nyingine. Anajikuta ndani ya eneo la adui, anamtorosha binti, anaiteka injini yake, na nusu ya pili ni safari ya kurudi kwa njia ile ile, safari hii adui akiwa nyuma. Hilo la kwenda na kurudi nitalirudia.

Mpigaji ni kijana wa kwaya. Anapiga kinanda kanisani tangu akiwa shule ya msingi, ana sikio kali, solfa anaisoma kama gazeti, nota za mistari anazikaribia polepole. Kinanda chake ni kile tunachokijua sote, vitufe 61, chenye mitindo ya rumba na rege inayojipiga yenyewe ukiibonyeza. Piano halisi ilikuwepo moja ukumbi wa jirani, ya kuegemea ukuta, lakini ukavu wa kiangazi cha Dodoma ulikuwa umeshabana mbao zake, nyuzi zimelegea, kila oktavu imechukua njia yake. Tukaiacha palepale.

Alipoambiwa atapiga saa moja na robo bila karatasi mbele yake, alicheka. "Mwalimu, kwani Pasaka napiga muda gani?" Nilimwelewa, na nikadhani kazi imekwisha.

Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Filamu hazikuwa na sauti yake zenyewe tangu maonesho ya ndugu Lumière mjini Paris mwaka 1895 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, The Jazz Singer ya 1927 ilipoanza kufunga mlango. Lakini kumbi hazikuwa kimya. Majumba makubwa ya mijini yaliajiri okestra nzima. Mji mdogo ulikuwa na piano moja na mtu mmoja, mara nyingi mwanamke wa mtaa huohuo, akipiga filamu ambayo pengine anaiona kwa mara ya kwanza pamoja na watazamaji. Dmitri Shostakovich, aliyekuja kuwa mtunzi mkubwa wa muziki wa Urusi, alifanya kazi hiyo Leningrad akiwa kijana, kuisaidia familia yake. Mwaka 1924 Ernö Rapée alichapisha New York kitabu kinene cha vipande vya piano vilivyopangwa kwa hali na matukio 52, pembeni mwa kila ukurasa pana orodha ya kumwongoza mpigaji aruke haraka kutoka vita kwenda mapenzi, kutoka mapenzi kwenda treni. Kwa hiyo hata wakati ule, kupiga papo kwa papo hakukumaanisha kuingia mikono mitupu. Sisi tuliingia mikono mitupu.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa saba, upepo ule unaojulikana. Shuka jeupe lilikuwa linajaa hewa, Johnnie Gray ananenepa na kukonda. Watoto mbele kwenye mikeka, wakubwa nyuma kwenye viti vya plastiki wamejifunga makoti, mshereheshaji akafungua kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" na watu wakaitika. Mpigaji alikuwa amekaa kama anavyokaa kanisani, uso kwa watu, shuka likiwa nyuma ya bega lake la kulia. Pembeni alisimama dada mmoja, mwalimu wa sekondari, na maikrofoni, kazi yake ikiwa kuwasomea watu kwa Kiswahili maandishi ya Kiingereza yanayotokea katikati ya picha.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Johnnie anamtembelea Annabelle, watoto wawili wanamfuata nyuma kwa mstari, kinanda kinacheza waltz nyepesi, watu wanatabasamu. Injini ilipoibwa mambo yakageuka. Mtu anaanguka kwenye picha, kinanda kinaanguka baada yake. Mzinga unalipuka, watu wameshacheka, ndipo besi inagonga. Kijana alikuwa anageuza shingo kutazama, anarudi kwenye vitufe, anapiga alichokiona, na alichokiona kimeshapita. Watoto ni wakali kwa mambo haya: kufikia katikati walikuwa wanakicheka kinanda badala ya Keaton. Wakati huohuo dada msomaji akawa hasikiki, akapandisha sauti. Kijana akadhani uwanja umechangamka, akapandisha yake. Fundi wa spika akaona mita zinacheza, akaongeza zote. Wazee wakaanza kuondoka kwa kisingizio cha baridi. Filamu ilipoisha, mkono wake ukafanya ulichozoea: ukafunga kwa zile kodi mbili za "Amina". Watu kadhaa wakaitikia Amina, kwa unyoofu kabisa.

Sasa uchunguzi.

La kwanza nililigundua kesho yake, nalo halikuwa kosa la mpigaji hata kidogo. Alikuwa amejiandaa. Aliitazama filamu kwenye simu mara kadhaa na kuandika dakika: dakika fulani wizi, dakika fulani mzinga, dakika fulani mvua. Lakini nakala iliyooneshwa uwanjani ilitoka kwa mtu mwingine, na haikuwa na urefu uleule. Filamu bubu zina tabia hiyo. Kamera nyingi za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, na mwendo wa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde ulikuja kuwa sheria baada ya sauti kuingia. Leo anayetengeneza nakala ya kidijitali anaamua mwenyewe aende kwa kasi gani. Filamu iliyotakiwa kwenda kwa fremu 20 ikipitishwa kwa 24, kila saa moja inapungua dakika 10. Kwa hiyo kijana alikuwa na ratiba sahihi ya filamu nyingine. Dakika zilipomdanganya mara mbili, akaitupa karatasi na kuanza kufuata kwa macho.

Hapo kwenye kufuata kwa macho ndipo ninapoweka uzito wa kisa hiki. Mtu anayefuata anachelewa, hata awe na vidole vya namna gani. Jicho lione, akili iamue, mkono ushuke, sauti itoke spika: inapofika kwa mtazamaji, picha imeshahama. Kuchelewa kidogo kwenye tukio la huzuni hakuonekani. Kwenye kichekesho kunaua, kwa sababu kichekesho cha Keaton kimepimwa kwa fremu.

Nilimuuliza swali moja: kanisani, wakati wa sadaka, unajuaje muda wa kufunga wimbo? Hakuna ibada mbili zenye idadi sawa ya watu, na saa huitazami. Akajibu bila kufikiri: "Namwangalia mzee wa kanisa aliye benchi la mwisho. Akigeuka na kapu, najua nimebakiwa na mstari mmoja."

Basi tukakaa na ile nakala ya uwanjani, tukaanza kumtafuta huyo mzee wa kanisa ndani ya filamu. Kila tukio kubwa lina picha inayolitangulia, nayo ndiyo ya kushika. Abiria wanaposhuka Big Shanty kwenda kula, wizi uko mlangoni. Johnnie akikosa subira na kumimina baruti nyingi kwenye mzinga kuliko mara ya kwanza, umeshaambiwa utalipuka vibaya; una sekunde nyingi za kujiweka sawa. Sigara ikishushwa karibu na kitambaa cha meza, tundu litatoboka, na Johnnie aliyejificha chini ya meza atamwona Annabelle kupitia tundu hilo. Aliziandika alama kama dazeni kwenye ukurasa mmoja wa daftari, herufi kubwa, hakuna dakika hata moja. Kinanda tukakigeuza ubavu, shuka likawa kushoto kwake, asihitaji kugeuka. Mitindo ya kujipiga tukaifunga kabisa, maana rumba ikishaanza haijui kusubiri.

Kuna waliosema hapo tumeshavunja ahadi, kwamba hii si papo kwa papo tena. Sikubaliani nao. Tuni hazikuandikwa, urefu haukuandikwa, ufunguo haukuandikwa. Alichokijua ni utaratibu, kama anavyojua utaratibu wa ibada, na ndani ya utaratibu ndimo mkono ulipopata uhuru. Jioni ya kwanza alidhaniwa huru, naye alikuwa anakimbizana.

Tukio lililonifundisha zaidi halina mlipuko wowote. Baada ya kukataliwa jeshini na kukataliwa na binti, Johnnie anakaa kwenye kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya injini. Amekaa tu, amejiinamia. Injini inaanza kwenda taratibu, chuma kinapanda naye na kushuka naye, anapanda na kushuka akiwa vilevile amejiinamia, na anashtuka injini ikiwa inaingia bandani. Halichukui hata dakika moja.

Jioni ya kwanza kijana alipiga kodi za maina, zile zenye huzuni, nzito, na gurudumu lilipoanza kuzunguka akaingiza mdundo wa treni. Kwa mtazamo wa haraka yuko sahihi: treni inakwenda, muziki unakwenda. Hakuna aliyecheka. Tulilirudia tukio hilo wakati wa maandalizi tukijaribu hivi na vile, hadi sababu ikajitokeza: muziki ulikuwa umegundua mwendo kabla ya Johnnie. Raha yote ya tukio ni kwamba mtazamaji anaona na Johnnie haoni. Muziki ukimtangulia, unamwachia mtazamaji kazi ya nini? Jioni ya pili alishika tuni ileile ya huzuni, mwendo uleule, kana kwamba gurudumu halipo. Johnnie anapanda, anashuka, tuni haina habari. Kicheko kilianza nyuma kwa wakubwa, kikatembea hadi kwenye mikeka. Johnnie aliposhtuka, kijana akainua mikono kutoka kwenye vitufe, basi.

Niongeze kuhusu uso wa Keaton, maana waliozoea Chaplin hukosea hapa. Keaton hatabasamu, halii, hakodoi. Mpigaji anayeona uso mkavu hushawishika kuujazia hisia kwa muziki, na matokeo ni mchuzi ulioungwa mara mbili. Chaplin anavumilia violini. Keaton anataka muziki wenye adabu, unaosimama hatua moja nyuma.

Kuhusu treni yenyewe, mwalimu wetu hakuwa mimi. Katika jioni ya kwanza alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekulia kwenye nyumba za reli, na baada ya onesho alimwita kijana. Baada ya shikamoo na marahaba akamwambia, "Mwanangu, ile uliyopiga ni dizeli." Kijana alikuwa amepiga taka-taka, taka-taka, ule mlio wa magurudumu yakivuka maungio ya reli. Mzee akaeleza kwamba injini ya mvuke ina mlio wake mbali na huo: silinda mbili, kila moja inasukuma mbele na nyuma, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja moshi unatoka kwa pumzi nne. Akazipiga gotini kwake, pumzi ya kwanza nzito kuliko zingine, polepole kama mtu anayebeba gunia, halafu zikaanza kukimbia.

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Gurudumu la kuvuta lenye kipenyo cha mita 1.5 lina mzunguko wa karibu mita 4.7. Treni ikienda kilomita 30 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 1.8 kwa sekunde, yaani pumzi saba kila sekunde. Hakuna anayehesabu pumzi saba kwa sekunde. Zinakuwa mvumo mmoja. Maana yake kwa mpigaji ni kubwa: mdundo wa treni unasikika treni inapoanza na inapokufa, na wakati wa kukimbia hauhitaji kuupiga. Jioni ya kwanza alikuwa amechosha mkono wa kushoto nusu saa nzima kwa mdundo ambao treni halisi haina. Ya pili aliteremsha kinanda oktavu moja, akaanza na pumzi nne za besi, akaziharakisha hadi zikawa mtetemo, akaushikilia kwa pedali, kisha akauacha. Mkono ukabaki huru kumshughulikia mtu aliye juu ya treni. Nilimwona mzee akitikisa kichwa kwa kuridhika, ingawa baadaye alisema breki zilikuwa hovyo.

Na ile kwenda na kurudi. Keaton amepanga filamu kwa ulinganifu: mambo yaliyompata Johnnie akifukuza, anawafanyia adui akifukuzwa. Kijana alibuni tuni fupi ya kufukuza, sauti tano tu, akaipiga kwa ufunguo wa C wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi ikarudi kwa D, na katikati yake akachomeka tuni ya Annabelle, kwa sababu sasa binti yumo ndani ya injini akisaidia kwa namna yake: anatupa gogo zuri kwa kuwa lina tundu, anatia motoni kijiti. Johnnie anamkaba shingo, halafu anambusu. Tuni mbili ziligombana na kupatana pamoja nao. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo.

Dada msomaji ni suala ambalo nililiingia na msimamo na nikatoka nao umepungua. Msimamo wangu ulikuwa kwamba maandishi ni machache, picha inajieleza, asome kwa sauti ndogo na anyamaze. Nilisahau niko nchi gani. Watazamaji wetu wamelelewa na wasimulizi wa filamu kama Lufufu kwenye vibanda umiza, na wengine na DJ Afro wa Kenya. Filamu isiyo na mtu wa kuisimulia wanaiona haijakamilika. Na hawako peke yao: Japani ilikuwa na wasimulizi wa kitaalamu, benshi, waliosimama kando ya picha, na watu walikwenda kumsikiliza msimulizi kama walivyokwenda kuona filamu. Kwa hiyo ugomvi wa sauti wa jioni ya kwanza ulitoka kwetu waandaaji. Tuliwaweka watu wawili wenye haki sawa ya kusikika, hatukuwapangia.

Walipangana wenyewe. Dada akiinua kiganja, kijana anabakiza sauti moja ya chini na kuondoa mkono wa kulia. Kiganja kikishuka, anarudi. Yeye naye akakubali kusoma kwa ufupi, sentensi moja ya Kiswahili kwa ubao mmoja wa maandishi. Kufikia nusu ya filamu alikuwa ameanza kuongeza ya kwake. Johnnie anakata kuni juu ya treni, hajui kwamba jeshi lake linarudi nyuma na la adui linasonga mbele mgongoni kwake, dada akasema kwa upole, "Baba, geuka basi." Uwanja ulilipuka. Kijana alikuwa anapiga tuni ya uchangamfu kwa mkono wa kulia na mwendo wa askari ukikua kwa mkono wa kushoto. Mimi ningebaki na kuni tu, lakini kwa jinsi sauti ya dada ilivyokaa juu ya mikono ile miwili, sina hoja ya kutosha.

Jambo moja lilihitaji maamuzi ya namna nyingine. Johnnie yuko upande wa Kusini, upande uliopigana ili utumwa ubaki, na filamu inalipita jambo hilo kimya kabisa. Wapigaji wa Marekani wa zamani walikuwa na nyimbo za kizalendo za kuweka bendera inapopepea. Kijana aliniuliza aweke nini, nikamwambia asiweke wimbo wa ushindi kwa jeshi lolote. Alipiga mwendo wa askari uleule, mkavu, kwa majeshi yote mawili, na mshereheshaji akaeleza mwanzoni kwa sentensi tatu vita vile vilihusu nini. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliuliza baadaye kwa nini basi tuioneshe. Swali lake ni zuri, na linastahili jioni yake bila kinanda.

Jaribio la ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, lilifanikiwa kwa mlango wa nyuma. Mtu wa kikundi alisema ni aibu kuonesha filamu Ugogoni bila sauti ya Kigogo, katika mkoa uliomtoa mwanamuziki Hukwe Zawose, na akaja na mpigaji kutoka upande wa Chamwino. Mazoezi ya kwanza yalikuwa maumivu. Sauti za ilimba ya Kigogo zinafuata mfululizo wa asili wa sauti, ule unaojitokeza ndani ya uzi mmoja ukitetema, na sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua kutoka kitufe kimoja hadi cha jirani yake. Ukizipiga pamoja, kila msikilizaji anadhani mmoja amekosea, na kwa kuwa kinanda kina waya na spika, lawama huenda kwa ilimba. Mpigaji wa ilimba alimaliza mjadala kwa kusema, "Huyo apumzike, mimi nipige." Tukampa usiku wa msituni: mvua, radi, Johnnie na Annabelle wamelowa, dubu anapita, mguu unanaswa kwenye mtego. Kinanda kimya. Vyuma vya ilimba na ule mvumo wa tundu lenye utando vilitosha kabisa, na sikio la watu likapata mapumziko kutoka kwa umeme. Asubuhi ilipofika kwenye picha, kinanda kikarudi kwa sauti moja ndefu, si kwa kodi, ili pasiwe na kitu cha kugombana.

Ninachoona bado hakijakaa sawa ni daraja. Karibu na mwisho Johnnie anawasha moto daraja la mbao, jenerali wa adui anaamini bado litabeba, anaamuru treni ivuke. Ile si picha ya mfano mdogo: injini halisi ilitumbukizwa mtoni kule Oregon, kamera zikiwa tayari, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kurudia. Jioni ya kwanza kijana aligonga kwa vidole vyote kumi, amechelewa. Jioni ya pili aliacha kupiga treni ilipokanyaga daraja, na hakurudi hadi picha ilipomwonesha jenerali akishangaa. Uwanja mzima ulitoa sauti yake wenyewe.

Mimi nadhani alipaswa kubakiza besi moja, ndogo, chini ya yote hayo. Kimya cha ghafla kwenye spika kubwa kina hatari: watu wa nyuma waligeuka kutazama jenereta, na nusu yao wakakosa daraja likianguka. Pia alipata taabu kurudi, akaingia kwa nguvu kupita kiasi kwenye vita vya mtoni. Yeye anasema besi ingewaambia watu kwamba kuna mtu anapiga kinanda, na pale hakutaka wakumbuke. Dada msomaji yuko upande wake. Fundi wa spika yuko upande wangu, kwa sababu zake za jenereta. Tumekubaliana kwamba safari ijayo ataijaribu besi yangu, kwa sharti kwamba nikae nyuma kabisa, upande ambao hawezi kuiona mikono yangu.